Wazee wa Kimarekani kuishi kwenye gari na kuosha vyoo vya kambi bila mshahara: ni shida, starehe au nini?

#1 Mwalimu wa Chaki
Wakuu, salaam. Niko Oregon tangu mwezi wa saba, nimekuja kumsaidia binti yangu kulea. Juzi mkwe alitupeleka kulala kambini, hifadhi ya jimbo iliyo ufukweni karibu na Newport. Baridi ya pwani ile mwezi wa nane acheni tu, lakini si mada.

Mada ni hii. Tulipokewa na bwana na bibi, wote wamepita sabini kwa kuwatazama, wamevaa vizibao vya kujitolea. Wanaishi palepale ndani ya trela refu lenye kitanda, jiko na choo, nje wametandika zulia la plastiki na kupanga maua kwenye makopo. Asubuhi saa moja nakwenda msalani, namkuta yule bwana amepiga magoti anatoa nywele za watu kwenye tundu la bafu. Nikajikuta nimesema "shikamoo" kwa Kiswahili! Akacheka, akaniambia alikuwa mhandisi zaidi ya miaka thelathini. Nyumba waliuza. Hapa halipwi hata senti, na mwezi ujao wanahamia kambi nyingine kufanya kazi hiyohiyo.

Nilimwonea huruma. Mkwe akanicheka: "Mama, huyo ana hela kuliko sisi wote." Binti naye anasema ni upweke tu. Nani mkweli hapo?

#2 Kipanga Mweusi
Niko pale nimekaa na kahawa yangu.

#3 Dereva Masafa Marefu
Mwalimu, shikamoo. Mimi naendesha lori huku Texas mwaka wa tisa. Usidanganywe na maua ya kwenye makopo. Usiku kwenye vituo vya malori nawaona wazee kibao, vani imezibwa madirisha kwa kadibodi, soksi zimeanikwa kwenye usukani. Wengi walipigwa na lile anguko la bei za nyumba la 2008. Mtu alikuwa na mkopo wa nyumba na akiba yake iko kwenye hisa, vyote vikaanguka pamoja, na umri wa kuanza upya umeshapita. Pensheni yao ya serikali unaweza kuichukua ukiwa na 62, ila inakatwa. Kwa aliyezaliwa 1960 na kuendelea, pensheni kamili ni miaka 67, na akiichukua na 62 anapoteza asilimia 30, maisha yake yote. Hapo kodi ya chumba huiwezi, gari linakuwa nyumba.

Shida hiyo. Wameipaka rangi.

#4 Tajiri wa Ndoto
Dereva unachanganya mambo. Wa kwenye vani wa kwako, wa kwenye trela refu wa mwalimu ni watu wengine kabisa. Kuna yale mabasi yenye nyumba ndani, ukibonyeza kitufe ukuta unatoka nje sebule inapanuka. Mapya yanapita dola laki tatu. Maskini gani huyo?

#5 Kipanga Mweusi
Tajiri wa Ndoto amezijua bei za mabasi ya laki tatu na bado anadaiwa kodi ya Mbagala 😂

#6 Mwana wa Fizi
Jambo yenu wote. Mimi minaishi Boise, Idaho, tulifika hapa na familia kutoka kambi ya wakimbizi. Kazi yenye minafanya ni hiyohiyo ya kusafisha, lakini mimi minalipwa kwa saa. Sasa niwaulize: kama mzee mwenye pensheni anaosha choo bure, mimi baba ya watoto watano nitaomba kazi hiyo kwa nani? Sina chuki na wazee, wananisalimia vizuri. Lakini kila choo chenye kinaoshwa bure ni mshahara wa mtu wenye umepotea.

Kuishi kambini bila kupenda ninakujua. Hao wanakwenda kambini kwa kupenda. Bado sijaelewa.

#7 Wakili wa Kijiweni
@Mwana wa Fizi, pole ndugu, ila hapo sheria imeliona hilo. Kwenye hifadhi za taifa wanaojitolea wako chini ya sheria ya 1970, na imesema wazi wasitumike kumwondoa mwajiriwa, wasipewe kazi za hatari wala za kipolisi. Ndiyo maana ukipiga muziki usiku yule mzee anakuja kukuomba upunguze, ukikataa anaita askari wa hifadhi. Yeye hana mamlaka ya kukukamata.

#8 Mwana wa Fizi
Sheria inazuia kumfukuza mwenye yuko. Haizuii kutoajiri mwingine akitoka.

#9 Wakili wa Kijiweni
Hapo umenibana. Naomba niahirishe kesi.

#10 Nyanya Magurudumu
Nimesoma nikicheka peke yangu. Mimi ni Mkenya, nimeuguza hapa Marekani miaka 27, nimestaafu, na mimi ndiye huyo mzee mnayemjadili. Huu ni mwaka wa nne, mimi na mzee wangu tunaishi kwenye trela na kujitolea kambini. Niulizeni.

Kwanza hesabu, maana mnaongea hewani. Hatulipwi, kweli. Lakini tunapewa kiwanja bure, na kiwanja maana yake ni maji, umeme na shimo la maji machafu. Mahali pa aina hiyo kwenye kambi ya kulipia, dola mia tisa kwa mwezi zinaisha ukitazama. Hapa tulipo ni kambi ya kando ya bwawa, chini ya kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, wao ndio waliojenga mabwawa mengi huku. Tunafanya saa 24 kwa wiki, tukigawana. Hifadhi za taifa mara nyingi huomba 32, nasi tulikataa.

Siku yenyewe iko hivi. Asubuhi nazunguka na kigari kidogo cha betri, nabandika majina ya wanaofika leo kwenye nguzo za viwanja. Kila kiwanja kina duara la chuma la kuotea moto. Watu wanaondoka wameacha majivu, chupa, vijiti vya nyama, siku moja miwani nzima. Nachota kwa koleo dogo hadi ndoo ya bati. Majivu ni mwongo, juu baridi ndani kaa. Kwa hivyo namwaga maji, nakoroga kama uji wa wimbi, namwaga tena, kisha naweka mgongo wa mkono karibu bila kugusa, vile tulivyokuwa tukipima joto la mtoto. Nikihisi vuguvugu narudi mwanzo. Mzee wangu yeye ni vyoo. Tulipiga kura, akashindwa.

Mchana ni maswali. "Samaki wanashika wapi?" "Mbona simu haina mtandao?" "Huyu nyoka ana sumu?" Saa nne usiku kimya, tunalala.

Siioni shida wala starehe hapo. Ni kazi ya saa chache na mandhari mazuri.

#11 Kipanga Mweusi
Nyanya au nyanya chungu?

#12 Nyanya Magurudumu
Kwetu nyanya ni bibi, mtoto wewe. Heshima kwanza.

#13 Kipanga Mweusi
Shikamoo bibi. Naomba radhi na kiwanja.

#14 Mama Chausiku
Marahaba kwa niaba yake 😂 Bibi, swali la kina mama: hicho choo cha ndani kinakwenda wapi?

#15 Nyanya Magurudumu
Trela lina matangi matatu. La maji safi, la maji ya kuoga na vyombo, na la… lile. Unaunganisha mpira mnene kutoka kwenye trela hadi tundu la ardhini, unavuta koki. Kwanza unatoa lile chafu, ndipo unafungulia la maji ya kuoga yasuuze mpira. Ukigeuza mpangilio utajuta.

Mwezi wetu wa kwanza sikukaza kiungio cha chini. Nikavuta koki kwa madaha. Mzee wangu alikuwa amesimama upande ule, na ndala. Sisemi zaidi. Jirani, mzee mmoja ambaye hatukuwa tumesalimiana, akatoka kwake na mpira wa maji na galoni ya klorini, akasafisha nasi nusu saa bila kuuliza kitu. Akimaliza akatuambia kila mtu huku amefanya hivyo mara moja, na wanaokataa wamefanya mara mbili.

#16 Dereva Masafa Marefu
Bibi heshima yako, nimecheka hadi nimewasha taa za dharura. Ila wewe una pensheni ya uuguzi. Nauliza wale ambao wakikosa kiwanja cha bure hawana pa kwenda. Upo unaowajua?

#17 Nyanya Magurudumu
Wapo. Sitadanganya. Mama mmoja tulikaa naye msimu mzima, gari lake lilikuwa na breki mbovu na hakuwa na hela ya kulitengeneza, kwa hivyo kila msimu ukikaribia kwisha alikuwa halali. Wengine mwezi wa kumi wanakimbilia mavuno ya viazisukari bonde la Red River, kule Minnesota na North Dakota, zamu za saa kumi na mbili kwenye baridi, ili wapate hela ya kupitishia majira ya baridi. Hao wanalipwa, na wanazihitaji. Ukitazama kwa nje trela letu na lao ni lilelile.

#18 Babu Kikokotoo
Nimesubiri mtu alete kikokotoo, ile hesabu ya pensheni zetu Tanzania, sijaona, basi nakileta mwenyewe. Mnawaonea huruma Wamarekani? Mimi nilistaafu ualimu nikakuta mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayopewa kwa mara moja, umeshuka hadi asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa sisi tuliokuwa wa 50 zamani. Kwa mkupuo wangu naweza kununua tairi mbili za hilo trela na kiti cha kukalia nikiyatazama.

#19 Mama Chausiku
Babu, kila uzi lazima uufikishe kwenye kikokotoo. Hata ule wa kufuga kware.

#20 Babu Kikokotoo
Kware nao walikuwa na kikokotoo chao, wakatukokotoa.

#21 Tajiri wa Ndoto
Turudi kwenye mada. Nasikia kuna pasi ya wazee ya dola 10, unaingia hifadhi zote za taifa Marekani hadi ufe. Kwa bei hiyo nani atakaa nyumbani?

#22 Wakili wa Kijiweni
Ilikuwa 10. Tangu Agosti 2017 ni 80. Ni ya miaka 62 kwenda juu, raia au mkazi wa kudumu. Ukiinunua ni ya maisha, na viwanja vingi vya kambi za serikali kuu unalipa nusu. Hifadhi za majimbo kama ile ya mwalimu haziitambui.

#23 Kijana wa Tegeta
Wakuu, mimi fursa naiona. Nikipata viza ya matembezi, nifike nijitolee kambini, nalala bure, nakula ninachobeba. Bibi Nyanya nipokee.

#24 Wakili wa Kijiweni
Usithubutu. Kiwanja cha bure kinaweza kuhesabiwa kuwa malipo, na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Idara ya hifadhi za taifa ina mpango wa wageni wa kujitolea, ila unaingia kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wageni. Halafu, mdogo wangu, kiwanja wanakupa, trela unaleta mwenyewe. Utalala kwenye nguzo ya umeme?

#25 Kijana wa Tegeta
Hema ninalo 😂

#26 Kambi ya Kale
Mimi nimefanya kazi miaka sita kwenye kambi moja ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya. Wazee wa namna hii wanapita sana, Wajerumani, Waholanzi, wametoka Cape Town na gari lenye hema juu ya paa wanakwenda Nairobi. Huku mwenye kupokea, kuchota majivu na kuosha vyoo ni sisi, tena kwa mshahara. Namwelewa sana Mwana wa Fizi. Tajiri wetu angesikia kuna wazee wa kufanya bure tungekuwa tumesharudi shambani.

Lakini nimeona kitu. Alikuja mzee mmoja Mjerumani, alipaswa kulala usiku mmoja. Asubuhi pampu ya kisima ikagoma. Akavua shati, akaifungua yote, akapanga nati kwenye taulo moja baada ya nyingine. Ilimchukua siku tatu. Mkewe akaniambia, hiyo ndiyo sehemu ya safari aliyoifurahia zaidi, kuliko hata Ngorongoro aliyoilipia mamia ya dola. Nadhani hawa watu wakikaa bila kazi wanaumwa. Wala si hela wala upweke. Mikono inawawasha.

#27 Mama Chausiku
Na baba zetu je? Baba yangu tangu astaafu kazi ni kuhamisha kiti kufuata kivuli. Akiambiwa akaoshe choo cha kanisa ataitisha kikao cha ukoo.

#28 Babu Kikokotoo
Kufuata kivuli nako kuna utaalamu wake, msidharau.

#29 Yakhe wa Kibokoni
Asalaam aleikum. Miye swali langu moja: wakiugua je? Na akifa mtu njiani, anazikwa wapi na nani? Mtu asiye na mtaa hana wa kumuosha.

#30 Nyanya Magurudumu
Swali zuri, ndugu yangu. Bima ya wazee ya serikali inaanza 65 na inafuata mtu jimbo lolote, ile ya msingi. Anwani wengi huichukua South Dakota: unalala usiku mmoja, unaonyesha risiti, unapata leseni, na jimbo halina kodi ya mapato. Barua zinapokelewa na ofisi na kutumwa ulipo. Kuna watu wana leseni ya huko na hawakumbuki rangi ya hoteli waliyolala.

Kuhusu kuugua: kuna chama cha wasafiri hawa kinaitwa Escapees, kimeanza 1978, makao yake Livingston, Texas. Pale wana sehemu ambayo mtu akizeeka kabisa anaegesha trela lake na kuhudumiwa humohumo ndani, anapikiwa, anapelekwa hospitali. Mzee wangu kaniambia ndiko tutakakomalizia. Mimi nimemwambia mimi nitamalizia Murang'a. Hilo bado tunazozana.

#31 Dereva Masafa Marefu
Na wakati wa baridi mnakwenda wapi? Nawaona wakishuka kusini kama nzige.

#32 Nyanya Magurudumu
Arizona, Quartzsite. Jangwa la serikali, unalipa dola 180 (ndivyo tulivyolipa sisi) unakaa kuanzia katikati ya mwezi wa tisa hadi katikati ya wa nne. Hakuna umeme, unatumia sola yako. Wanakuja maelfu. Hapo hakuna cha kujitolea sana, ni kupumzika na kusengenyana.

Yakhe, utaipenda hii: makaburini pale mjini kuna piramidi ya mawe na juu yake sanamu ya ngamia. Ni kaburi la Haji Ali. Jeshi la Marekani lilileta ngamia 1856 kujaribu kubebea mizigo jangwani, naye alikuja kuwachunga. Wazungu wakashindwa kutamka, wakamwita Hi Jolly. Alikufa 1902.

#33 Yakhe wa Kibokoni
Subhanallah. Haji wetu yuko Arizona! Bila shaka alikuwa Mmanga wa Oman huyo, ngamia wanawajua wao.

#34 Wakili wa Kijiweni
Hapana sheikh. Ni wa dola ya Uturuki ya zamani, baba Msiria na mama Mgiriki, ndivyo inavyosimuliwa.

#35 Yakhe wa Kibokoni
Basi. Madhali amehiji ni wetu.

#36 Mwana wa Fizi
Bibi Nyanya, nimesoma yote, asante. Nina swali la mwisho. Watoto wako wanasema nini? Kwetu mzee akiuza nyumba na kwenda kukaa porini, majirani watasema watoto wamemfukuza.

#37 Nyanya Magurudumu
Mtoto wangu wa kwanza aliona haya. Kwa mwaka mzima aliwaambia watu tuko "likizo". Mwaka jana akaja na wajukuu siku nne. Mdogo ana miaka sita, nikampa koleo. Sasa anapiga simu kila Jumapili kuuliza majivu yako aje.

Upweke binti wa mwalimu aliousema upo, lakini mimi niliuonea kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mtaa mzima nilijua majina mawili.

#38 Dereva Masafa Marefu
Bado nasema wengi ni shida. Bibi ni mfano mmoja.

#39 Tajiri wa Ndoto
Na mimi nasema ni hela.

#40 Kambi ya Kale
Mikono inawawasha.

#41 Mwalimu wa Chaki
Jamani nimerudi. Jumamosi nilimwomba mkwe anirudishe kule. Nikapika chapati kumi na mbili na maharage ya nazi ya kopo, nikaenda kuuliza mwenyewe, maana nyie hamtamaliza.

Bibi alikuwa nje anasuka kikapu cha kamba za plastiki. Nikamuuliza, ilikuwaje mkauza nyumba mkaja huku? Akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu alilitaka sana jambo hili, nikaona nimridhishe." Haya. Baadaye nikamfuata bwana, alikuwa anapasua kuni vipande vidogo vya kuwashia. Nikauliza swali lilelile. Akatazama nyuma kama mke yuko mbali, akasema, "Mke wangu ndiye aliyetaka. Mimi nilikuwa na karakana yangu nzuri."

#42 Kipanga Mweusi
😂😂😂 Miaka mingapi hiyo wako barabarani?

#43 Mwalimu wa Chaki
Kumi na mmoja.

#44 Mama Chausiku
Na hukuwaambia?

#45 Mwalimu wa Chaki
Nianzie wapi, mimi mgeni! Nilikaa nikala chapati nao.

#46 Babu Kikokotoo
Walizipenda?

#47 Mwalimu wa Chaki
Zilibaki mbili. Bwana akazifunga kwenye karatasi ya fedha, akasema za kesho asubuhi akimaliza mabafu.